Utaratibu wa Kuazima

Trudy Haskell alinikuta chumba cha kufulia nimeingiza kichwa ndani ya mashine, natafuta soksi iliyobaki nyuma. Si mkao mzuri wa kuhojiwa.

"Verna," alisema, "hivi ninyi Masikio mnafanyaje kazi?"

Nilitoa kichwa. Alikuwa amesimama mlangoni, kapu la nguo kiunoni, na hakuonyesha dalili ya kuondoka bila jibu.

Masikio ndiyo sisi. Jina letu rasmi katika Ushirika wa Nyumba wa Tamarack ni Kamati ya Usuluhishi: watu watatu waliochaguliwa kusikiliza manung'uniko ya majirani faraghani na kuyapoza kabla hayajafika kwa bodi au kwa mawakili. Hatuna uwezo wa kumtoza mtu faini wala kumfukuza. Tuna kisanduku cha mbao nje ya mlango wa sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke huko chini kabisa ya jengo, ambamo mwenye lake hutumbukiza karatasi bila kuandika jina. Na tuna midomo iliyofungwa. Midomo hiyo ndiyo iliyotuponza, maana asiyejisemea husemewa.

"Tunasikiliza," nilimjibu.

"Hilo najua. Nauliza baada ya kusikiliza."

"Tunazungumza na watu."

"Watu gani? Mnawaambia nini?" Aliweka kapu chini. "Nikueleze kwa nini nauliza. Juzi nimeingia sauna, nikakuta wenzangu wanacheka hadi machozi. Nilipoketi wakanyamaza. Mara mmoja kakumbuka ameacha jiko, mwingine mgongo unamuuma, nikabaki peke yangu na ndoo. Kisa? Urho kapunguza kodiani yake tena. Na kila Urho akipunguza kodiani, jengo zima linasema, 'Trudy huyo, kamshtaki tena.'"

Urho Kallio ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, ghorofa ya tatu. Ni mjane, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha karatasi mpaka kilipofungwa, na hupiga kodiani, kile kinanda cha kukunja na kukunjua mikononi, alfajiri: nyimbo za dansi ya tango za Kifini za baba yake, zile za taratibu zinazomfanya mtu akumbuke hata asichokuwa nacho. Na Trudy, tuseme kweli, ni mlalamikaji. Amelalamikia lifti, koleo la theluji, harufu ya samaki, na mtu anayeacha manyoya ya mbwa kwenye mashine ya kukaushia. Lakini hulalamika mbele ya mhusika, kwa sauti, saa za mchana. Mtu wa namna hiyo akisingiziwa, hakuna anayedai ushahidi.

"Ni mimi niliyemshtaki?" aliniuliza.

"Siwezi kusema nani kaleta lalamiko, wala kama lipo."

"Hata kuniambia mimi mwenyewe kwamba mimi sikulileta?"

 Ukweli ni kwamba hata sisi hatukujua. Karatasi za kulalamikia kodiani zilikuja mara kwa mara kama bili ya umeme, bila jina, na nani alizileta hatukuweza kusema, hata kwa kumtetea mtu.

"Vizuri," alisema Trudy, akabeba kapu lake. "Nitauliza mkutanoni."

Akauliza. Katika mkutano mkuu wa vuli alitoa hoja: ama Masikio waandike namna wanavyofanya kazi na waibandike mahali kila mkazi ataisoma, kabla ya mkutano wa Februari, ama kamati ivunjwe. Mikono ilipanda mingi. Na wangu niliupandisha, kwa sababu sikuona ubaya wa hoja yenyewe. Odile, aliyekuwa kando yangu, akanikanyaga mguu.

* * *

Odile Marchildon ni mwenzangu katika kamati. Alipikia kambi za wakata miti kwa miaka mingi, na mpaka leo akichemsha supu anachemsha ya watu arobaini. Mumewe alifariki zamani. Wa tatu wetu ni Harjit Bains, kijana anayefanya kazi katika ofisi ya chuo, mtu wa mpangilio, anayetuita sisi wawili shangazi na bado hatuonei huruma.

Tulikutana jikoni kwa Odile. Harjit akafungua kompyuta yake, akaandika juu kabisa: HATUA.

"Haya, shangazi zangu. Lalamiko limetoka kwenye kisanduku. Hatua ya kwanza?"

"Kahawa," alisema Odile.

"Tuwe wakweli, shangazi."

"Ukweli ndiyo huo. Umewahi kusoma lalamiko bila kahawa?"

Harjit aliandika: Kamati hukutana. "Ya pili?"

"Tunasubiri," nilisema. Malalamiko mengi hufa yenyewe yakilazwa usiku mmoja au miwili, hasa ya maegesho.

"Kamati hutathmini," aliandika. "Ya tatu?"

Hapo Odile akainuka kwenda kutazama oveni. Oveni haikuwa na kitu.

"Ya tatu," nilisema, "Odile anakwenda kuazima."

Niseme wazi kwamba utaratibu huu ni ubunifu wa Odile, na sijaona mwingine unaoushinda. Ukimgongea mtu mlango ukamwambia ameshtakiwa, anafunga uso kama dirisha la baridi ya Januari. Lakini ukimgongea ukamwomba akuazime chujio, mambo yanageuka. Yeye ndiye mwenye nacho, wewe ndiye mwenye shida. Yuko juu yako kidogo, na mtu aliye juu hupenda kuwa mwema. Anakukaribisha. Anakupa mgongo, anapekua kabati, na akiwa hakutazami usoni huanza kusema mwenyewe: sijui kama mbwa wangu anawakera watu wa chini, sijui kama ni vibaya kukaanga samaki usiku. Wewe unasema hujui, ila ukiulizwa ungefanyaje, ungefanya hivi. Kisha unaondoka na chujio. Baada ya siku chache unalirudisha likiwa na kitu ndani, maana chombo hakirudi kitupu, na hapo unaona kama neno limeota mizizi. Kwa njia hiyo tumemaliza ugomvi wa mbwa, wa samaki na wa kengele za upepo, na hakuna hata mtu mmoja aliyejua kuwa alishtakiwa.

Harjit alikuwa ameacha kuandika. "Shangazi Odile, hatuwezi kubandika ukutani kwamba tunajifanya hatuna chujio."

"Nani anajifanya? Nikiazima kitu nakitumia."

"Uliazima msumeno kwa wale wa ghorofa ya pili."

"Nikakata ubao."

"Ubao gani?"

"Nilionunua ili niukate."

Harjit alijifuta uso kwa viganja. Kisha akainamia kompyuta, akaandika kwa muda bila kutuuliza kitu, akatusomea. Kamati hupokea. Kamati hutathmini. Kamati huwashirikisha wahusika kwa njia inayofaa. Kamati hufuatilia. Yalikuwa maandishi safi, yangeweza kubandikwa katika jengo lolote duniani na yasimkosee mtu.

"Mazuri," alisema Odile. "Bandika hayo."

Alisema haraka mno. Huyu ndiye Odile ambaye taarifa za bodi huzitandika chini ya chungu cha maua. Nilingoja mpaka Harjit alipokwenda, kisha nikamuuliza ana nini.

Akasugua meza iliyokuwa safi.

"Tini ya keki," alisema. "Ngazi. Patasi. Chujio la chai. Chupa ya kahawa ya safarini. Ramani ya Ziwa Nipigon."

"Ramani ya Ziwa Nipigon ya nini?"

"Nilikuwa nimeishiwa vitu vya kuazima, Verna."

Vyote vilikuwa vya Urho. Kila karatasi ya kodiani ilipotoka kwenye kisanduku, aliyekwenda ni Odile. Urho huweka kahawa, alinisimulia, akakata mkate wa iliki, kisha akatafuta kilichoombwa polepole, kama mtu anayeomba asikipate. Mwishoni hupiga wimbo mmoja kwa sauti ya chini, ili Odile amwambie kama unapenya ukuta.

"Sasa akisoma ukutani kwamba huo ni utaratibu," alisema, "atahesabu kurudi nyuma, tini kwa tini. Ataona kwamba hakuna hata siku moja niliyokwenda kwa ajili yake."

"Kuna siku uliyokwenda kwa ajili yake?"

"Zote isipokuwa ya kwanza, mjinga wewe."

* * *

Nililala nalifikiria jambo hilo. Upande mmoja kulikuwa na Trudy, ametengwa sauna kwa kosa ambalo sikujua kama ni lake. Upande wa pili kulikuwa na Odile na mkate wa iliki. Nilijaribu kuona kama maandishi ya Harjit yangewatosha wote wawili, kwa hiyo tukayabandika kwanza kando ya lifti kama rasimu, watu watoe maoni.

Maoni yalikuja siku hiyohiyo, ndani ya lifti yenyewe.

"Nimesoma," alisema Trudy. "Kamati huwashirikisha wahusika kwa njia inayofaa. Njia gani?"

"Inayofaa," nilisema.

"Verna, mwaka juzi ulikuja kuniazima pasi. Mimi nakujua tangu tunahamia hapa. Hujawahi kupiga pasi nguo maishani mwako. Hata sasa nikikutazama naona." Alinitazama kola. "Nikakupa pasi, na katika kutafuta waya wake nikajikuta nakuambia nitaacha kuburuta viti usiku. Nilipofunga mlango nikajiuliza, hivi nani aliyetaja kiti?"

Lifti ilifika. Hakuna aliyetoka.

"Nilikasirika kwa siku moja," alisema. "Kisha nikaona, mbona alikuja kwa adabu. Sina neno na kuazima. Neno langu ni kuona jengo zima linajua siri yangu ambayo mimi mwenyewe siijui."

Siku hiyo niliamua, kwa jinsi ninavyoamua, yaani jioni nilikuwa bado naamua. Hatukuwa na siri kuhusu namna yetu ya kufanya kazi. Tulikuwa na haya tu, na nilikuwa nimevichanganya viwili hivyo. Siri ni ya aliyekuja kwetu na ya aliyesemwa. Njia yetu ni ya ushirika.

Tuliandika upya, Harjit akinuna mwanzoni, kisha akicheka hadi akashindwa kupiga herufi. Tuliandika kahawa. Tuliandika kusubiri. Tuliandika: Mwanakamati huenda kwa mhusika kuazima kitu, na hakisemi kilichomleta mpaka mwenye nyumba aseme. Tuliandika kwamba kitu hurudishwa na kitu ndani. Na kwa ajili ya Trudy tukaweka kifungu kipya, cha kwanza kabisa: kuanzia sasa kila lalamiko litakuwa na jina la aliyelileta, nalo halitatoka kwa watu hawa watatu. Namna hiyo, mtu akisingiziwa, angalau sisi tutajua ukweli na tutaweza kumwambia yeye mwenyewe, "Si wewe."

"Nipe siku chache," aliniomba Odile. "Nimwambie Urho mwenyewe kabla hajasoma."

Akaenda. Akarudi na nyundo.

"Umemwambia?"

"Alifungua mlango anatabasamu. Nikaazima nyundo."

Akaenda tena kurudisha nyundo. Akarudi na sufuria ya kuchemshia mayai. Mara ya tatu alitoka kwangu amejifunga skafu kama mtu anayekwenda vitani, nikamwona akirudi amekumbatia redio. Sikumwuliza tena. Siku ya kubandika ilifika, tukabandika: karatasi moja kando ya lifti, moja mlango wa sauna, na nakala katika kila sanduku la barua, likiwemo la Urho.

* * *

Yaliyofuata hatukuyapanga.

Kwanza, watu waliacha kuazimana. Baridi ilikuwa imeshuka hadi pale ambapo pua inagandia ndani, na hakuna aliyethubutu kugonga kwa jirani kuomba hata yai. Aliyethubutu alianza kwa kiapo: "Ni yai tu, naapa, hakuna mtu aliyesema kitu." Haikusaidia. Trudy alibandika mlangoni kwake: SIAZIMI WALA SIAZIMWI, NJOO UNIAMBIE USONI.

Kisha asubuhi moja gari la Harjit likafa betri. Akapanda ghorofa ya kwanza kutafuta waya za kuliwashia, akagonga kwa wazee wawili, mume na mke, watu wa kanisani. Mama alipomwona alimshika mumewe mkono.

"Ni paka," alisema.

"Paka gani, shangazi?" aliuliza Harjit.

"Wa pili. Tunajua kanuni inasema mmoja."

"Mimi nataka waya za betri tu."

"Wa tatu ni mgeni," alisema mzee. "Ataondoka baridi ikipungua."

Mlango wa pili alifungua kijana mwenye taulo shingoni, akainua mikono kabla Harjit hajafungua mdomo: ndiyo, hukaa sauna kupita zamu yake, lakini wale wanaofuata nao huchelewa. Mlango wa tatu, mama mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, badala ya waya akamletea koleo la theluji, sufuria mbili na mwavuli, vyote vya watu wengine, akasema, "Warudishie, na yaishe."

Harjit alikwenda kazini kwa basi. Alikuwa amepata paka watatu, sauna, koleo na mwavuli, na gari bado limekufa.

"Shangazi," aliniambia jioni, "ushahidi unaonyesha utaratibu unafanya kazi kupita kiasi."

Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hilo halikumchekesha mtu. Kodiani ilinyamaza. Haikupungua, ilinyamaza kabisa. Alfajiri ya kwanza nilidhani Urho anaumwa. Ya pili nilimwona kwenye duka la mikate ananunua persian, yale maandazi yetu ya mdalasini yaliyopakwa sukari ya waridi, mzima wa afya, ila kanunua moja tu. Alinisalimu kwa kugusa kofia. Hakusema kitu juu ya karatasi, nami sikuuliza.

Odile alikuwa hatoki. Nilipokwenda kwake, vitu vya Urho vilikuwa vimepangwa mezani: nyundo, sufuria, redio. Ndani ya sufuria alikuwa ameweka pai ya sukari, na pai ilikuwa imeanza kukauka.

"Kahesabu," alisema. "Nilikuambia atahesabu. Nirudishe vipi? Nikigonga sasa, hata nikirudisha, ataona kamati imesimama mlangoni."

 Nilikuwa nimempa Trudy haki yake, na nilikuwa nimeitoa kwenye mfuko wa Odile.

* * *

Mkutano wa Februari ulijaa. Watu hawaji hivyo hata bodi inapozungumzia paa. Kahawa ilikuwa mezani, maandazi ya waridi yakawekwa kwenye sinia, na mwenyekiti akasoma utaratibu wetu kutoka juu hadi chini. Alipofika kwenye kuazima alilazimika kungoja kicheko kiishe. Odile alikuwa kando yangu, macho magotini. Urho alikuwa safu ya nyuma, amevaa tai.

"Kuna swali kabla ya kura?" aliuliza mwenyekiti.

Urho akainua mkono. Katika miaka yote sijawahi kumsikia Urho mkutanoni isipokuwa kuunga mkono hoja ya kufunga.

"Kifungu cha kwanza," alisema. "Jina. Ni lazima?"

"Lazima, mjomba," alijibu Harjit. "Ila litabaki kwetu watatu."

"Wote watatu mtaliona?"

"Wote watatu."

"Na Odile?"

"Shangazi Odile ni mmoja wa watatu."

Urho alitikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyeambiwa bei ya kipuri. "Hapo ndipo penye shida yangu. Mtu anayetaka kujilalamikia mwenyewe, naye aandike jina?"

 Trudy aligeuka kwenye kiti chake.

"Nani huyo ajilalamikie mwenyewe, Urho?"

"Mtu mwenye masufuria mengi na wageni wachache," alisema Urho.

Nilimsikia Odile akivuta pumzi. Hakuitoa.

"La kwanza halikuwa langu," aliendelea Urho, akimwambia mwenyekiti, kwa sababu hakuweza kutazama pengine. "Lilikuwa la yule bwana wa juu yangu, aliyehamia Winnipeg. Aliniambia mwenyewe siku anapakia gari, akaomba radhi. Wakati ule Odile alikuja kuazima tini ya keki. Alipoirudisha ilikuwa na pai ndani. Nikapunguza kodiani, bwana akahama, na hakuna aliyekuja tena. Nikakaa nikafikiri. Mimi ni mtu wa mitambo. Mtambo ukiwaka mara moja, unatafuta swichi ni ipi. Nikaenda chini kwenye kile kisanduku, nikajishtaki kwamba napiga mapema mno. Akaja kuazima ngazi."

"Ulijua!" Odile alikuwa amesimama. "Muda wote huo mimi nabeba ngazi yako mgongoni najiona mwongo, nawe unajua?"

"Ulisema unaihitaji."

"Naishi na dari ninayoigusa kwa mkono, mzee wewe! Ngazi ya nini?"

"Ndiyo maana nilifurahi," alisema Urho.

Kicheko kilichoinuka kilifika hadi kwenye mabomba. Odile alikaa, akainuka, akakaa tena.

"Na mbona umenyamaza wiki mbili?" alimuuliza. "Nimekaa pale na sufuria yako nadhani umechukia."

"Nilisoma ile ya jina nikaona swichi imeng'olewa. Nikakosa hamu."

Sasa Trudy ndiye aliyesimama, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Ngojeni kidogo. Yaani karatasi zote za kodiani, tangu yule bwana ahame, ni zako?"

"Zangu," alisema Urho.

"Nami nikakaa sauna peke yangu na ndoo?"

Urho alibadilika rangi. Nadhani hilo hakuwahi kulijua. Wanaume wana zamu yao ya sauna. Alitoka kwenye safu yake, akaja mpaka mbele ya Trudy, akainua mkono kuvua kofia ambayo ilikuwa tayari mkononi, akabaki hajui afanye nini na mikono. "Trudy, hilo ni kosa langu, na sikulitazama. Nisamehe."

 Trudy aliwatazama kwanza wenzake wa sauna, mmoja mmoja, bila haraka. Kila aliyetazamwa aligundua kitu kwenye kahawa yake. Kisha akamgeukia Harjit.

"Nina lalamiko. Andika. Jina ni Trudy Haskell, liandike kwa herufi kubwa, na lisomeni hata barabarani. Jirani yangu amenyamazisha kodiani wiki mbili. Mimi huamka kwa kodiani hiyo. Nimechelewa kazini mpaka msimamizi wangu ananiuliza kama nimeanza kunywa."

"Limepokelewa," alisema Harjit, akiandika kweli. "Kwa mujibu wa utaratibu, hatua ya kwanza ni kahawa."

"Hiyo hapo mezani."

"Ya pili ni kusubiri."

"Nimesubiri wiki mbili."

"Basi ya tatu..." Harjit hakumaliza. Ukumbi wote ulikuwa umemgeukia Odile.

Odile alisimama, akanyoosha sketi yake.

"Urho," alisema, "nina shida ya kitu."

"Kitu gani?"

"Bado sijakifikiria."

"Njoo juu," alisema Urho. "Tutakitafuta."

Wakatoka, mkutano ukiwa haujafungwa, na hakuna aliyekumbuka kusema kwamba tumebaki wanakamati wawili. Kura ilipigwa, utaratibu ukapita, pamoja na nyongeza ya Urho kwamba mkazi anaruhusiwa kujilalamikia mwenyewe mradi aandike jina. Mpaka sasa hakuna aliyeitumia nyongeza hiyo, isipokuwa wale wa paka, waliotuletea barua ya kurasa mbili.

Nilikuwa nakusanya vikombe wakati mmoja wa wanawake wa sauna alipomsogelea Trudy pale mlangoni. Alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Leo ni zamu yetu," alimwambia. "Njoo basi."

"Sikubeba taulo," alisema Trudy.

"Nitakuazima langu moja."

Trudy alirudi nyuma hatua, akamkazia macho.

"Kwa nini?" alisema. "Umesikia nini?"